Sauti Isiyo na Mwenyewe

Rabia angekuwa mtu wa kushtuka, angeshtuka pale pale ofisini Arua. Aliandika kwenye kompyuta, "Kesho kuna chanjo ya mtoto," na maktaba ya programu aliyokuwa anaipima ikasoma kwa sauti ya mwanamke mwenye mafua: "Kesho iko chanjo ya mtoto." Lafudhi ya Koboko kabisa! Nani aliifundisha? Rabia akacheka, akaona amepata bahati.

Kazi yenyewe ilikuwa ya heri. Kina mama wa Koboko wasiojua kusoma wapigiwe simu na kompyuta, iwatajie jina la mtoto na siku ya chanjo. Rabia aliandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Python, na kazi ya kugeuza maandishi kuwa sauti hakutaka kuianza upya, maana wapo watu duniani wameshaandika maktaba za namna hiyo, yaani vipande vya programu vilivyo tayari, na kuziacha wazi, achukue anayetaka. Yeye alitakiwa azipime, achague moja. Ya kwanza ilikwamakwama kama redio yenye betri mbovu. Ya pili ilitaka intaneti ya nguvu, na intaneti ya Arua mnaijua wenyewe. Ya tatu ndiyo hii.

Mkuu wake, Alionzi, akainamia skrini. "Mwenyewe iko wapi?"

"Hajaandika jina."

"Watu walalamika nini?"

"Hakuna hata lalamiko moja."

"Rabia, kitu ya bure bila malalamiko, mimi naogopa. Na hizo zingine nazo, ndani yao iko nini? Chunguza kwanza."

"Nitachunguza," akasema. Thubutu! Majaribio yalikuwa kesho yake, Ijumaa, na sauti ilikuwa tamu. Akaituma programu kwa mtandao kwenye kompyuta ya kliniki Koboko, kisha akaenda nyumbani na kompyuta yake begani.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, binti yake Fatumah wa chekechea, mdomo haupoi tangu asubuhi, na mama yake, Mama Hasifa, Mnubi wa kizazi cha zamani. Huyu mama alikuwa na mwiko asiotania nao. Jua likishaanza kuzama, jina la mtoto halitajwi. Mwite mdogo, mwite bibi harusi, mwite utakavyo. Na mtoto naye haitiki mpaka aone uso wa anayemwita. Rabia alilelewa hivyo hivyo. Lakini watu wa kompyuta wana tabia yao, wakijaribu kitu huandika jina la kwanza linalowajia, na kwa mama jina hilo ni lipi? Magharibi ile ile akaandika: Fatumah, njoo hapa.

Sauti ikaita. Mtoto akaitika kutoka jikoni, "Naam!"

Akaja mbio, akafungua mdomo, pakatoka pumzi tupu. Akajaribu tena, macho yakamtoka. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Na kompyuta, ambayo hakuna aliyeigusa, ikasema kwa sauti ya Fatumah mwenyewe: "Mama, mimi iko hapa."

"Wewe naita jina ya mtoto saa hii?" Mama Hasifa alinong'ona mlangoni, mwiko wa ugali mkononi. "Tena na mashine? Umeua mimi, Rabia."

Rabia akaifuta ile maktaba. Ikarudi. Akafuta, ikarudi. Akampigia Alionzi huku analia, na Alionzi akafungua kompyuta yake, akaangalia. "Maktaba moja nakopa kazi ya nyingine," akasema chini chini. "Ile ya kwanza navuta huyu. Ya pili pia navuta huyu. Ukifukuza yeye, wenzake naita yeye tena."

"Na Koboko?"

"Intaneti ya kule imekatika, iko simu tu, kutoka hapa siwezi kuzima. Kesho naenda mwenyewe, nazima."

Asubuhi Rabia, mama yake na mtoto nao wakaenda Koboko, kwa Shehe Siraji, mtu anayejulikana kwa kutoa majini. Shehe akafukiza ubani, akamsomea mtoto mpaka akalala kwenye mkeka, akaiweka kompyuta ya Rabia katikati ya chumba. "Mtoto iliita yeye, akaitika. Mlango ni huo," akasema. "Sasa itaita wewe, mama yake. Usiitike, hata ikilia. Ikikosa jibu itaachia sauti ya mtoto."

Akaanza kusoma. Betri ilikuwa imetolewa, skrini nyeusi, na bado ikaita: Mama. Rabia akauma mtandio wake. Mama, huku giza, ikasema, na harufu ya nywele ikapanda juu ya ubani, Mama, iko mtu ananishika mguu, Mama nifungulie, na kilio kikawa kile kile cha Fatumah usiku wa homa, kile ambacho Rabia alikuwa anakiamkia kabla hakijaisha, na machozi yakamlowesha shingo na akauma kitambaa mpaka fizi zikatoka damu, na shehe akapaza sauti, na ile nyingine ikapungua, ikapungua, ikanyamaza.

Kimya. Rabia akaachia mtandio. Moyo wake, jamani, ulikuwa umechoka.

"Mama," ikasikika taratibu, karibu na sikio.

"Naam, mwanangu!"

Fatumah alikuwa bado amelala.

Kisha mtoto akakohoa, akafumbua macho. "Bibi, nina njaa," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. Mama Hasifa akamkumbatia huku anamshukuru Mungu kwa kelele. Shehe hakushukuru. Alikuwa anamtazama Rabia, aliyefungua mdomo amwite binti yake, pakatoka pumzi tupu.

Nje simu ikaita kwa jirani wa shehe, mmoja wa kina mama wa chanjo. Alionzi alikuwa bado mlangoni pa kliniki, anamsubiri mwenye ufunguo, na kompyuta ya ndani ilikuwa haijazimwa.

"Halo?" jirani akasema, simu yake ikiwa kwenye spika. Na sauti ikamjibu, safi, ya upole, ya Rabia kabisa: "Habari, mama. Lado iko hapo? Ita yeye, mimi nasalimia yeye kidogo."

Rabia akatoka mbio. Akafika kwenye ua wa mabati wa jirani, akapiga kwa ngumi zote mbili, mdomo wazi, shingo imemvimba kwa kupiga kelele isiyotoka. Huko kwa mbali simu nyingine ikaita, na nyingine.

"Lado!" jirani akaita kwa furaha. "Njoo, iko mtu anakutaka kwa simu!"

"Naam!" mtoto akaitika.