Nyaya Zilizokatwa

Fyuzi ilikuwa nzima. Taa ya amplifaya iliwaka, mita ilionyesha umeme unafika kila mahali, lakini spika zote mbili zilikaa kimya kama zimekatazwa kusema.

“Mama, kifaa hiki kina afya kunishinda mimi,” fundi alisema, akilegeza skrubu za kifuniko.

Mwenye nyumba hakucheka. Miezi minne ilikuwa imepita tangu homa imchukue binti yake wa pekee. Mtoto yule alizaliwa kiziwi, hakuwahi kutamka neno, lakini alipenda kubandika viganja kwenye spika, ngoma zimtetemeshe mpaka macho yacheke. Sasa mama alitaka kuweka viganja vyake pale pale.

Fundi alichungulia ndani. Nyaya za kwenda kwenye spika zilikuwa zimekatwa. Hazikuungua, wala panya hakuzitafuna; zilikatwa kwa kisu, na kila ncha ikafungwa utepe.

“Nani aligusa humu?”

“Hakuna. Humu ndani tuko mimi na mume wangu tu.”

Fundi akazilehemu, akawasha. Hakuweka muziki wowote. Harufu ya udongo mbichi ikajaa sebuleni, mchana kweupe, madirisha yakiwa wazi. Spika zikavuta pumzi.

“Mama.”

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, nyororo, yenye baridi, na fundi alipochomoa waya wa umeme ukutani, taa ikazimika lakini sauti haikuzimika, ikaendelea kuita mama, mama, kila mara karibu zaidi, mpaka akahisi inamwitia shingoni.

Mlango ukafunguliwa. Mume, seremala, aliingia na vumbi la mbao nguoni. Akasimama ghafla.

“Nani kaziunganisha?”

“Ulijua?” mkewe alinong’ona.

“Iliniita baba siku ya tatu baada ya mazishi. Nikazikata. Mke wangu, mtoto wetu hakuwahi kusema. Huyo siye. Ni jini, limeona kidonda chetu kiko wazi.”

“Miaka tisa nimesubiri kuitwa mama,” alijibu, machozi yakimtiririka. “Niache niitwe.”

Kabla hawajamshika alikuwa amepiga magoti, viganja vyote viwili juu ya spika.

“Nipo, mwanangu. Nipo. Ni—”

Neno likakatika. Midomo yake iliendelea kucheza, koo likapanda na kushuka, lakini hakikutoka hata kikohozi.

“Mume wangu,” spika zikasema. Ilikuwa sauti ya mkewe, ile ile ya kumwamsha asubuhi. “Njoo. Huku kuna baridi.”

Fundi alimsogezea koleo bila kumtazama. Seremala akaubana waya, mkono ukagoma.

“Usinikate,” sauti ililia. “Ukinikata hutanisikia tena.”

Akageuka. Mkewe alikuwa amekaa sakafuni, uso umelowa, akimwonyesha vidole viwili vinavyofunguka na kufungika kama mkasi. Ilikuwa lugha waliyoongea na binti yao. Kata.

“Nisamehe,” seremala alisema.

Akakata. Sauti ilikoma katikati ya “mume wangu”, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita hivyo tena.