Wateja Wasiofuatana

Mwanamke aliyesimama kwenye foleni ya kaunta ya nne alikuwa amevaa gauni la kitani la rangi ya udongo na viatu vya raba. Nyuma yake kulikuwa na bibi mwenye toroli lililojaa maji ya chupa, na nyuma ya bibi huyo alisimama mwanamume mrefu aliyevaa shati la mistari. Mwanamume huyo alikuwa mpenzi wa yule mwanamke wa mbele, na mapenzi yao yalikuwa yametimiza mwaka. Keshia hakutakiwa kulijua hilo.

Kuponi ya mafuta ya kupikia ilieleza kwa maandishi madogo kwamba wateja waliofuatana huhesabiwa kuwa mteja mmoja, na mteja mmoja hupewa punguzo mara moja tu. Kwa hiyo kila Jumatano, siku yao ya mapumziko, wakifika mlangoni mwa supamaketi waliachana kama watu waliokosana. Kila mmoja alichukua kikapu chake, kila mmoja akapita njia yake, wakakutana tena nje na mafuta mara mbili.

Ujanja huo ulikuwa wa mwanamke. Kazi yake ilikuwa kukata na kung'arisha vioo vya miwani, na wenzake kazini walimwita Lenzi. Hakuna maandishi madogo yaliyompita. Mwanamume alikuwa fundi wa lifti za majengo marefu, na kwa hiyo hata mama mwenye duka mtaani kwake alimwita Lifti. Walikuwa wakiweka akiba ya kupanga vyumba viwili, na akiba ilikuwa imetimia. Kesho asubuhi wangesaini mkataba. Vyumba vilikuwa ghorofa ya tatu, kwenye jengo la ngazi tupu.

"Afadhali," Lifti alisema siku walipokwenda kuviona. "Nyumbani nataka kupumzika."

Lenzi alilipa, akasogea kwenye meza ya kufungia mizigo, akajifanya anasoma simu. Bibi wa maji alilipa. Lifti akalipa. Kuponi ikapita, droo ikafunguka, chenji ikatoka. Keshia alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine na kuanza kupima vitunguu, ndipo sauti iliposikika kutoka kaunta ya jirani.

"We mwanangu! Kumbe na wewe umefuata mafuta ya rahisi?"

Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye kitambaa cha zambarau kichwani na madumu mawili ya mafuta mkononi. Lenzi alimjua kwa picha. Alishatazama picha zake mara nyingi kwenye simu ya Lifti, akajiuliza ni lini atasikia sauti yake. Sasa ameisikia. Alitabasamu bila kukusudia, akasogea hatua moja.

Yule mama aliliona tabasamu.

"Na huyu binti anayetuchekea, mnafahamiana?"

Lifti alimtazama Lenzi. Alikuwa na muda wa kutosha wa kusema lolote.

"Hapana, mama. Simjui. Mteja tu."

"Oo. Samahani, binti. Nilidhani."

"Hamna shida, mama," Lenzi akajibu. "Hata mimi nilidhani."

Akachukua mifuko yake, akatoka.

Lifti alimfikia nje, kwenye mstari wa matoroli, akihema.

"Lenzi, ngoja! Mpenzi, keshia alikuwa anasikia!"

"Keshia alikuwa anapima vitunguu. Chenji yako ilikuwa mfukoni na risiti ilikuwa mkononi. Angekunyang'anya nini?"

"Maneno yaliniponyoka. Ni mazoea. Tena nani aliyeanzisha mchezo huu? Si wewe?"

"Mimi nilikufundisha kumdanganya keshia. Mama yako ni keshia?"

"Sasa ulitaka nimwambie palepale, katikati ya mafuta na sabuni ya unga?"

"Palepale."

"Kuna mambo yana mahali pake, bwana."

"Mwaka mzima unatafuta hapo mahali. Wewe ukitafuta hitilafu ya lifti huchukua nusu saa."

Lifti alishusha mifuko chini. Shati lilikuwa limeanza kumganda mgongoni.

"Ni kwa sababu niliwahi kuolewa," Lenzi akasema.

Lifti aliokota pakiti ya sabuni ya unga, akaiminya kwa mikono miwili.

"Sema ndiyo, tuendelee na safari."

"Mama ana maneno yake. Kuhusu wanawake walioachika."

"Mimi sikuachwa. Niliacha."

"Najua."

"Wewe unajua. Yeye hajui, na hajui kwa sababu hujamwambia. Nipe hiyo sabuni, unaipasua."

Kama ingekuwa siku nyingine, kila mtu angeshika njia ya kwao akanune huko. Lakini ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi, na bahasha ya Lenzi ilikuwa na kuponi tatu ambazo zingekufa jioni. Hasira ilikuwa ya kweli, na tarehe nazo zilikuwa za kweli. Wakaenda pamoja, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Kuponi ya kwanza ilikuwa ya chakula cha mchana: watu wawili kwa bei ya mmoja. Mhudumu wa mgahawa, kijana mwenye kizibao cheusi na kalamu sikioni, aliwapokea kwa uchangamfu.

"Karibuni sana. Mmekuja pamoja?"

"Ndiyo," akasema Lifti.

"Hapana," akasema Lenzi. "Huyu simjui."

Mhudumu aliitazama kuponi, akamtazama mmoja, akamtazama wa pili. "Dada, hii mpaka muwe wawili."

"Basi hainihusu. Niletee supu na mkate. Risiti yangu peke yangu."

"Lenzi, acha utoto," Lifti akanong'ona. "Tutalipa mara mbili."

"Lipa yako. Unanifahamu? Tulikutana wapi?"

Lifti akaketi meza ya pili. Wakala wamepeana migongo. Supu ilikuwa nzuri, jambo lililomkera Lenzi, maana alitaka kitu cha kulalamikia kwa sauti. Simu yake ikaita. Akaangalia jina, akapokea.

"Haloo."

"Naomba chumvi," ikasema sauti simuni, na sauti ileile ikasikika nyuma ya mgongo wake. "Iko mezani kwako."

"Umekosea namba, kaka."

Mhudumu alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka, akaenda kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Lenzi alilipa bei kamili, akaondoka peke yake. Kuponi ya pili ilikuwa ya duka la dawa. Alinunua dawa ya meno na mafuta ya ngozi, akasahau kutoa kuponi, akakumbuka akiwa barabarani. Hakurudi. Halikuwa kosa la kawaida kwake, naye alilitambua hivyo.

Mume wake wa kwanza hakumpiga wala hakumtukana. Alimwacha nje tu. Siku moja Lenzi alimpelekea funguo ofisini, msichana wa mapokezi akamuuliza, "Wewe ni nani kwake?" Alipojibu kuwa ni mkewe, yule msichana aliona haya kwa niaba ya ofisi nzima. Pale kazini walimjua bwana huyo kuwa mseja kwa miaka yote ya ndoa yao. Lenzi hakuuliza sababu. Alipanga nguo zake, akaondoka, na akajiwekea sharti moja tu kwa mwanamume yeyote atakayemfuata: asimfiche. Lifti alilijua sharti hilo. Alilisikia usiku wa kwanza walipozungumza mpaka chai ikapoa, akasema ni sharti dogo.

Simu iliita tena, mara ya nne. Akapokea.

"Sema."

"Umefika wapi, kipenzi?"

"Kipenzi ni nani?"

"Haya. Dada mteja, umefika wapi?"

"Kwa fundi viatu, ila nimepita tu. Unataka nini?"

"Nguo zetu ziko kwa dobi. Koti langu na lile gauni lako la kijani. Tiketi ninayo mimi."

"Na kuponi ninayo mimi."

"Ndiyo nakwambia."

"Leta tiketi. Tukitoka hapo kila mtu na nguo yake."

"Lenzi, kesho tuna mkataba."

Akakata simu.

Duka la dobi lilikuwa chumba kirefu chembamba chenye joto la mvuke. Nguo zilining'inia kwenye reli, zimefunikwa nailoni, na zilipopitiwa na upepo wa feni zilisukumana kama abiria. Dobi alikuwa mwanamume mfupi mwenye mikono minene. Alipokea tiketi kutoka kwa mmoja na kuponi kutoka kwa mwingine bila kuuliza, akaenda kutafuta.

"Kesho sisaini," Lenzi akasema.

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Nikiweka jina langu chini ya jina lako, mama yako akija kukutembelea mimi nitakuwa nani? Jirani? Fundi wa bomba?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikipata nafasi nzuri. Unamjua mama, lazima..."

"Simjui. Ndiyo shida yenyewe. Leo nimemsikia sauti kwa mara ya kwanza, na ameniomba samahani kwa kunidhania mtu wako."

Dobi alirudi na nguo. Aliona nyuso zao, akageukia koti na kuanza kukagua vifungo kimoja kimoja. Lifti alisimama amejishika kiuno kama anavyosimama mbele ya lifti iliyokwama watu wakiwa ndani. Kisha akatoa simu.

"Unampigia nani?"

"Nyamaza kwanza."

Akabonyeza spika, akaweka simu juu ya kaunta. Iliita, ikaita, ikapokewa.

"Mwanangu, umefika nyumbani? Yale mafuta ukiyafungua yanuse kwanza, haya ya bei rahisi..."

"Mama, yule dada wa pale kaunta."

"Mwenye gauni la kitani? Mzuri yule. Kapoteza kitu?"

"Hapana. Ni mpenzi wangu. Mwaka sasa. Kesho tulikuwa tusaini mkataba wa nyumba."

Upande wa pili maji yalikuwa yakitiririka. Bomba likafungwa.

"Mwaka."

"Ndiyo, mama. Na aliwahi kuolewa. Ndiyo maana sikusema. Niliogopa maneno yako."

"Maneno gani? Nimeyasema lini?"

"Uliyasema kwa mke wa binamu."

"Yule nilimsema, na nikimwona nitamsema tena. Huyu sijamsema kwa sababu hujanionyesha. Umeyatunga maneno mwenyewe, ukanivisha mdomoni, halafu ukayaogopa. Uko naye hapo?"

"Niko naye."

"Mpe simu. Na uondoe hiyo sauti ya hadharani, sitaki kusikilizwa na soko zima."

Dobi alishusha koti taratibu. Lenzi alifuta kiganja kwenye gauni, akachukua simu, akazima spika na kuiweka sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilimuuliza pale, mbele yako, akasema hakujui. Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini hukumsuta?"

"Hukuniuliza mimi, mama. Ulimuuliza yeye. Nilitaka nisikie atasema nini."

"Ukasikia."

"Nikasikia."

Yule mama alivuta pumzi. Aliposema tena, uchangamfu wa supamaketi ulikuwa umekwisha.

"Sitakuficha, binti. Habari ya ndoa yako ya kwanza sijaipenda, na nitakuuliza maswali ambayo hutayapenda. Lakini hayo si ya simu. Jumapili njoo, saa sita. Unakula kila kitu?"

"Kila kitu."

"Vizuri. Huyo mwanangu sijamwalika."

Simu ikakatika. Lenzi akairudisha juu ya kaunta, akamlipa dobi, akapokea punguzo lake. Hakulihesabu. Walitoka nje. Jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya vioo vya majengo, na barabara ilikuwa imeanza kujaa watu wanaotoka kazini. Lifti alibeba mifuko yote, na koti, na gauni la kijani.

"Kasema nini?"

"Niende Jumapili."

Uso wake ukafunguka. "Unaona? Nilikwambia mama hana neno! Twende saa ngapi?"

"Mimi saa sita. Wewe hujaalikwa."

"Sijaalikwa kwetu?"

"Mpigie umbembeleze. Mimi sikuombei."

"Lenzi. Nimempigia, si nimempigia? Nimesema yote, mbele ya dobi."

"Umesema. Umesema baada ya mimi kukataa kusaini. Ungesema asubuhi ningekuamini zaidi."

Lifti alihamishia gauni begani ili lisiburute.

"Na mkataba?"

"Mwambie mwenye nyumba Jumatatu. Vyumba vimekaa vitupu tangu mvua, hatakataa."

"Jumatatu utasaini?"

"Jumatatu nitakuwa nimeshaketi na mama yako. Niulize siku hiyo."

Akatangulia. Lifti alimfuata nyuma, mifuko ikimgonga magoti, nailoni ya gauni ikipepea begani. Lenzi hakumwambia asogee, wala hakugeuka kumtazama. Alipofika kwenye kivuko, taa ya waendao kwa miguu ilikuwa ya kijani na watu walikuwa wakivuka kwa wingi. Alikuwa na nafasi ya kuvuka. Akasimama, akaiacha taa ibadilike kuwa nyekundu, mpaka aliposikia mifuko ikifika ubavuni mwake.