Mibuksi ya Mwisho

Nyukichuma zilitua juu ya jani lenye doa jeusi, zikalikagua, kisha zikaliunguza kwa mwale mwembamba. Majivu hayakufika chini, ziliyafyonza hewani. Mashine hizo, ndogo kama punje ya mahindi, ndizo zilizoulinda msitu wa mwisho wa mibuksi, katikati ya jiji la Kilifi. Ni miti mifupi isiyopukutisha majani mwaka mzima, yenye mbao za manjano, ngumu kama pembe. Kwingineko kote kuvu ya madoa meusi ilikuwa imeimaliza.

Mhandisi Mbeyu Kazungu ndiye aliyezibuni. Kwa kuhofia kwamba wakata miti wangewahonga walinzi, alizinyima swichi ya kuzimia, hata kwa ajili yake mwenyewe. Mdogo wake Dama, mtaalamu wa mimea, alimwambia kwamba jambo hilo linamtisha. Mbeyu alimjibu kuwa mashine haina chuki na mtu.

Asubuhi moja Dama aliingia kuchuma mbegu. Alikuwa amenawa dawa na kubadili viatu kama kawaida, lakini chembe za kuvu zilikuwa zimejificha kwenye nywele zake. Kutoka langoni, Mbeyu aliona wingu la nyukichuma likiinuka lote kwa pamoja. Simu yake ikaita.

"Dada, zinanichoma," Dama alisema. Alikuwa amejifungia kwenye kibanda cha vifaa, akizisikia zikitoboa mlango.

"Funika uso. Nakuja."

"Usilete kuvu ya maabara humu. Miti itakufa."

Mbeyu alikata simu. Alikimbilia maabara iliyo kando ya lango, akachukua chupa ya majani yaliyooza kwa kuvu, yaliyohifadhiwa kwa majaribio, akaingia upande wa pili wa msitu. Alijua nyukichuma huanza na pale penye kuvu nyingi zaidi; yeye ndiye aliyezifundisha hivyo. Akaipasua chupa kwenye shina la mbuksi mkongwe kuliko yote, akakimbia kuelekea kibandani.

Mvumo ulimpita juu ya kichwa, ukielekea alikotoka. Alihisi joto lake shingoni. Alimkuta Dama ameshatoka kibandani, yuko njiani akipapasa hewa, akamkokota hadi nje ya lango, akamwosha nywele chini ya bomba la dawa. Kope za Dama zilikuwa zimeungua, na macho hayakufunguka.

Nyuma yao mbuksi mkongwe uliwaka. Upepo ulikuwa umeshatawanya kuvu, nazo nyukichuma zikahamia mti wa pili, kisha safu nzima, moto ukienea msitu wote.

"Nasikia harufu ya moshi," Dama alisema. "Ni kibanda?"

Mbeyu alitazama.

"Ni kibanda," alisema.

Dama akashusha pumzi. Alikunjua ngumi aliyokuwa ameibana muda wote ule. Kiganjani mlikuwa na mbegu chache, nyeusi, zinazong'aa.

"Hizi tuzipande mbali na mashine zako," alisema. "Zikifa, tutachuma nyingine."

Mbeyu alizipokea kwa mikono miwili, akamkubalia, wala hakumwambia kwamba nyingine hazikuwapo tena.