Besi Iliyojipiga Yenyewe

Nilikuwa sokoni Karatu, mikono yote miwili imejaa vitunguu, nikasikia besi yangu inapigwa...

Siyo besi inayofanana na yangu. YANGU!

Kuna mahali kwenye wimbo wetu huwa naburuza kidole kabla ya kushuka noti ya chini. Hakuna mwingine anayeburuza vile. Na sauti ilikuwa inatoka kwenye spika za uwanjani, kwenye shoo ambayo asubuhi ileile mchumba wangu aliniambia imeahirishwa!

"Dada, unanunua au unavikamua tu?" mama wa vitunguu akaniuliza.

Niliviacha hapohapo. Mbio!

Ngoja niwaeleze, msije mkasema nimekurupuka. Mimi ni Nareyu, wa Piyaya. Lekoko, mchumba wangu, anapiga gitaa la roki. Tluway anapiga dramu, mimi besi. Siku hiyo Bi Chausiku, meneja wa lodge moja, alikuwa anachagua bendi ya kupiga kwake msimu mzima wa wageni.

Jukwaa lile nililitamani kuliko hata harusi yangu. Lekoko alilijua hilo.

Getini nikamkuta Tluway kakaa juu ya jiwe, fimbo za dramu mkononi, kanuna.

"We si ulitakiwa kuwa jukwaani?"

"Kanishusha, dramu zangu zimebaki hukohuko juu. Eti leo dramu zinatoka kwenye laptop. Na wewe eti umeacha muziki, unajiandaa na ndoa."

"Nani kasema?!"

"Mume wako mtarajiwa."

Nikachungulia... Mungu wangu!

Hasna, yule binti wa duka la simu, kavaa besi YANGU, niliyoiacha kwa Lekoko! Mkanda ule mama yangu aliutunga shanga kwa mikono yake mwenyewe. Vidole vya Hasna vinapapasa nyuzi tu, kama anamkuna paka. Sauti yenyewe ilikuwa ya mazoezi yetu, ambayo Lekoko alirekodi akisema ni ya kujisikiliza.

Halafu Lekoko akachomoa piki mdomoni, kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi, inachuruzika mate, akaifuta kwenye shanga za mama. Hasna akacheka, akambusu shavuni.

Ptuu! Nilitema mate chini, mlinzi akanitazama vibaya.

"Twende tukamshushe!" nikamwambia Tluway.

"Tulia," akasema. "Kaanza kukimbia."

Na kweli.

Sikieni, ndugu zangu. Lekoko akishangiliwa tu, vidole vinamtoroka, anaukimbiza wimbo. Siku zote Tluway humvuta kwa dramu, mimi nakaa kwenye noti moja nzito mpaka arudi. Noti zake nyembamba naziwekea nyama chini. Watu wanasema, "Gitaa la Lekoko lina mwili!" Mwili gani? Mwili ni sisi!

Kwetu Piyaya, kwenye nyimbo za kijijini, anayeongoza wimbo hasimami peke yake, wenzake wanaunguruma chini yake, na akivuta pumzi wanamngoja. Besi yangu niliitoa kwenye vifua vyao. Sasa laptop itamngoja nani?

Gitaa likabaki linalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Lekoko akakimbia, akakimbia... akamaliza wimbo kabla ya laptop! Akanyanyua gitaa juu. Hasna naye akainua mikono yote miwili, anapunga.

Besi ikaendelea.

Dum... dum... du-dum...

"We dada, besi yako ina mashetani!" mtu akapiga kelele.

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Lekoko anahangaika na laptop, vidole vinateleza kwa jasho. Wimbo ukaisha wenyewe. Kisha kwenye spika ikatoka sauti ya mwanamke. Sauti yangu!

"Lekoko, umekimbia tena."

Na ya Tluway, anacheka: "Mwache bwana. Tutamfuata, kama kawaida."

Bi Chausiku akasimama. "Huyo anayeongea ndiye mwenye besi? Yuko wapi?"

"Nipo hapa, mama," nikajibu, nikapita geti.

Lekoko akaruka chini, akanishika mkono. Kiganja kimelowa, kinanuka pafyumu ya Hasna. Yaani kinyaa!

"Nareyu mpenzi, panda tuokoe jahazi. Wewe na Tluway nifuateni tu."

Nifuateni tu! Hata haya hana!

"Nimechoka kukufuata, Lekoko. Kwenye wimbo na kwenye ndoa."

Pete ya uchumba nikaivua, nikamwachia kwenye kiganja hichohicho cha jasho. Hasna alishaivua besi, kaiweka chini, hanitazami. Nikapanda na Tluway. Besi na dramu tu, bila gitaa. Watu waliruka mpaka vumbi likafunika viti!

"Mpiga gitaa tutatafuta," Bi Chausiku akasema. "Nyie njooni Jumatatu."

Jamani, ukimwona mtu ananguruma jukwaani, sikiliza nani yuko chini yake. Na wewe uliye chini, unayemziba mtu makosa yake kila siku, jaribu kumwacha amalize wimbo peke yake.

Mkanda wa mama nimeufua mara tatu. Bado nauona una mate.