Maswali Kumi ya Madamu Vestine

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya zamu yake ya shule, Aliya alimsindikiza baba yake mpaka ofisi moja karibu na soko la Rumonge. Mzee Hakimu, mkamuaji wa mawese, alikuwa ameachiliwa kutoka gerezani kwa masharti: aripoti kila wiki, na asipigane tena. Mama ndiye aliyemtuma Aliya, ili baba asichepukie kilabuni. Maana pombe ndiyo iliyompeleka gerezani, na bado hakuwa ameiacha. Alikunywa kwa siri, kisha akatafuna karafuu kuua harufu. Siri gani! Mtaa mzima wa Waislamu ulijua, na Aliya aliona haya hata kuwasalimu majirani.

"Amahoro, Mzee Hakimu," alisalimu Madamu Vestine, afisa anayewasimamia walioachiliwa. "Leo nina maswali kumi kuhusu pombe." Akaitazama kofia ya Hakimu, akatabasamu. "Lakini wewe ni mtu wa msikiti. Naandika sifuri kote, yaishe."

Hakimu akaiweka sawa kofia yake. Uso wa Aliya ukawaka moto. Akisema, huenda baba akarudishwa gerezani leo leo. Asiposema, baba atalewa, atampiga mtu tena, na gerezani atarudi tu.

"Anakunywa, Madamu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Hata jana."

"Aliya! Unanivua nguo mbele za watu?"

"Nisamehe, baba. Sitaki urudi kule."

Vestine akaweka kalamu chini. "Kosa ni langu. Nimetazama kofia, sikumuuliza mwenye kichwa. Mzee, maswali haya si ya kukufunga. Ni ya kujua nikusaidieje. Tuanze upya?"

Wakaanza upya. Anakunywa mara ngapi? Akishaanza, huweza kuacha? Hakimu alijibu kwa sauti ndogo, jasho likimtoka. Mwishoni Vestine akamuuliza pombe imemnyang'anya nini. Hakimu akamtazama binti yake. Wakakubaliana amwone daktari, abadili njia ya kurudia nyumbani ili asipite kilabuni, na kila Jumatatu waongee bila kufichana.

Haikuwa rahisi. Mara mbili aliteleza, na mara mbili alikuja kusema mwenyewe. Mwezi wa nne tangu maswali yale ulipita bila tone la pombe.

"Mwanangu," Hakimu alimwambia Aliya mwezi huo ulipokwisha, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulisema lililonipasa kusema mimi. Aibu ile ilikuwa yangu, nawe mtoto ukaibeba. Nisamehe."