Kisiwa cha Mama Mkwe

Lori lililombeba Matilda bure kutoka Iringa, juu ya magunia ya mahindi, lilimshusha Igawa asubuhi likaendelea na safari yake ya Mbeya. Kutoka hapo alikwenda kwa miguu, peke yake, kikapu kichwani, akaingia mbuga ya Usangu. Binti yake Evarista alikuwa karibu kujifungua. Mimba ya kwanza iliharibika mama akiwa mbali, na Matilda aliapa kwamba safari hii mwanawe hatakuwa peke yake.

Mvua ya mwaka ule, Wachina wakiwa bado wanatandika reli, haikuwa na adabu. Kabla ya adhuhuri alikutana na maji ya mto uliovunja kingo, na njia ikapotea. Maji yakamfika magotini, kisha kiunoni. Matilda alizaliwa milimani, ambako maji hushuka na kwenda zake, na hakujua kuogelea. Kwa mbali akaona moshi. Kwao moshi ni nyumba, basi akauelekea akipapasa kwa fimbo. Kikapu kikamponyoka kikaenda na maji, naye hakukifuata.

Haikuwa nyumba. Kilikuwa kichuguu kipana kilichobaki juu ya maji, ng'ombe wamesongamana, samadi kavu ikifuka kufukuza mbu, na kijana mmoja amejifunika blanketi. Matilda akatambaa hadi pakavu, akajieleza kuwa ni mama yake Evarista, mke wa Seni.

Kijana akageuka upesi akampa mgongo. Ndiye alikuwa Seni mwenyewe.

Heri angekuwa mtu mwingine yeyote. Wahehe wa kina Matilda na Wasukuma wa kina Seni wanabishana juu ya mengi, lakini kwa hili walikuwa kitu kimoja: mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawagusani, hawali pamoja. Hata siku ya mahari Matilda alimwona mkwewe kisogo tu. Sasa walikuwa na kisiwa kisichozidi uwanja wa nyumba, nacho kilizidi kupungua.

Wakazungumza kupitia ng'ombe. Seni alimweleza maksai wake mwekundu kwamba wamekwama hapo tangu jana, na kwamba hajui mkewe ana hali gani. Matilda akamwuliza maksai kama nyumbani ni mbali. Seni akakamua maziwa kwenye kibuyu, akakiweka chini, akaenda upande wa pili mpaka mama amalize kunywa. Blanketi lake pia aliliacha pale. Matilda akajifunika, na moyo wake ukampenda kijana huyu ambaye hata sura yake hakuijua.

Alasiri maji yaliufikia moto.

"Mwambie mama ashike mkia wako kwa mikono miwili," Seni akamwambia maksai. "Asiuachie. Mimi niko nyuma."

Ng'ombe wakaingia majini. Matilda akaburutwa, maji yakimjaa puani, nyuma yake Seni akiwahimiza ng'ombe kwa kelele. Katikati ya mkondo gogo likapita kwa kasi, na kelele zikakatika. Matilda akageuka. Gogo lilikuwa limempiga Seni begani, naye alichukuliwa na maji, akipita karibu kabisa. Angeweza kumfikia. Lakini kijana alipoona ni mama mkwe, aliukunja mkono wake. Anakufa, bado anaona haya.

"Nipe mkono, mwanangu," Matilda akasema. Safari hii hakumwambia ng'ombe.

Akamshika kwa mkono mmoja, mkia kwa mwingine, na maksai akawavuta wote wawili hadi miguu yao ikagusa tope.

Walifika nyumbani Seni akimwegemea, bega limefungwa kwa kitambaa cha kichwa cha Matilda. Jirani yao Helena, aliyetoka kuwapokea, akafunika uso kwa aibu. Ndani, Evarista alikuwa amelala ubavu, mchovu na mzima, mtoto kifuani. Matilda alikuwa amechelewa, lakini mwanawe alikuwa hai. Helena akamchukua mtoto akampa bibi yake kwanza, kama ilivyo desturi.

Matilda akampakata, akalia bila kujificha. Kisha akamfuata mkwewe aliyebaki nje ya mlango, macho chini, akamkabidhi mtoto mkononi.

"Ana macho yako," akasema.