Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Moraa alijaza maji kwenye ziri, mtungi mkubwa wa udongo uliokaa kivulini mbele ya nyumba yao, mtaa wa Malakia, mjini Juba. Juu ya kifuniko palikaa kikombe kimoja cha bati, nacho kilitumiwa na mwenyeji na mgeni. Lakini mwaka huo, wa tatu tangu vita vikome, vikombe vilikuwa viwili. Cha pili, kilichofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, kilikuwa cha mama.

Uzi wenyewe Moraa aliutoa kwenye cherehani ya mama. Mama alikuwa fundi wa nguo kutoka Kenya, mtu wa utani mwingi, ila sasa alishinda kitandani, amekonda, titi la kushoto limefungwa bandeji. Jirani yao Cissy, muuza chapati kutoka Uganda, ndiye aliyemtia Moraa hofu.

"Hii saratani inashika watu," alimwambia. "Usikunywe na kikombe ya mama."

Mama aliuona uzi. Ulimuuma kuliko kidonda.

Siku moja Sista Kawira, muuguzi Mkenya mwenzao, alikuja kubadilisha bandeji. Alipotaka kunywa maji, Moraa alimzuia asiguse kikombe chenye uzi. Kawira akamketisha, akamweleza kwamba mwili umejengwa kwa seli ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli huzaliwa, hufanya kazi, huzeeka na kufa kwa utaratibu. Lakini seli moja ikiharibika, huenda ikakataa kufa, ikazaana ovyo hadi ikawa uvimbe, kisha nyingine zikasafiri na damu hadi kwenye ini na mifupa.

"Ni seli zake mwenyewe, Moraa. Hazikurukii kupitia kikombe."

Moraa aliuliza kwa nini basi mama hakutibiwa mapema. Kawira alishusha pumzi. Mama alikaa na uvimbe mwaka mzima kwa kuwa haukuuma. Alipofika hospitali Kampala, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Moraa aliukata uzi kwa meno, kama alivyozoea kumwona mama akifanya, akampelekea maji. Mama alikunywa nusu. Moraa akakipokea kikombe, akamalizia.

"Nilidhani unanionea kinyaa," mama alisema. Wakalia pamoja.

Mama alifariki kabla ya mvua kwisha. Siku ya matanga, Kawira alimkuta Moraa penye ziri.

"Mwanangu, uvimbe hata usipouma, uonyeshe kwa daktari mapema," alisema. "Na mgonjwa usimkimbie. Mama yako alikwenda akijua hukumkimbia."

Moraa alifuta machozi, akakiosha kikombe cha mama, akakirudisha juu ya kifuniko ili wageni wanywe.